Wiski kwa mnywaji wa kawaida: kuichagua, kuinunua na kuinywa upate ladha yake

Kwa miaka mingi niliijua wiski kwa namna moja tu. Harusini, meza ya wazee, chupa imewekwa katikati, glasi inajazwa nusu, soda inamalizia, watu wanakunja uso na kumeza. Nilidhani ndivyo ilivyo: ladha unaivumilia kama dawa. Halafu jioni moja baba yangu mdogo akanimiminia toti moja kwenye glasi ndogo ya mvinyo, akaniambia, "Usinywe kwanza, mwanangu. Nusa, halafu uniambie umenusa nini."

Nikanusa. "Pombe, baba."

"Iache dakika tano, unuse tena."

Baada ya dakika tano nikanusa ndizi mbivu. Nimekulia Kilimanjaro, kwangu ndizi mbivu ni harufu ya jikoni kwa bibi. Kuikuta ndani ya kinywaji kilichopikwa Tennessee, Marekani, kulinifanya niiweke glasi chini na kuiangalia upya. Hakuna ndizi iliyotiwa mle. Hamira inapochachusha nafaka hutoa kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na pua yangu iliitambua kabla sijajua sababu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekunywa mara mojamoja mwisho wa wiki, hana kabati la chupa, na hataki mshahara uishie kaunta. Kama imani yako au afya yako imekukataza pombe, huu si wako, na hupungukiwi na kitu. Kwa wengine, nina mambo mawili ninayoyashikilia kuliko yote: wiski hunuswa zaidi kuliko inavyonywewa, na toti hutangulia chupa.

Hatua ya 1: Jua unachokunywa kimetengenezwaje

Bibi alikuwa akitengeneza mbege, pombe ya kienyeji ya ndizi na ulezi. Alilowesha ulezi, akaufunika mpaka ukachipua vijimizizi vyeupe, akauanika kwenye mkeka, ukikauka anausaga. Sisi watoto tulikuwa tunadokoa punje na kuzitafuna, kwa sababu zilikuwa tamu kuliko ulezi wa kawaida. Hicho ndicho kimea. Nafaka ikichipua, wanga wake huanza kugeuka sukari. Sukari hiyo ndiyo chakula cha hamira, na hamira ikishakula inaacha pombe. Waskoti hufanya hivyohivyo kwa shayiri. Anayeijua mbege au busaa ameshaelewa nusu ya wiski.

Nusu ya pili ina sehemu mbili. Kwanza, pombe iliyochacha inapikwa, mvuke wake unakusanywa na kupozwa. Anayejua gongo au chang'aa inavyopikwa anaijua hatua hii pia, ila kwa wiski mitungi ni ya shaba na mpishi hutupa kando kinachotoka mwanzo na kinachotoka mwisho, anabakiza cha katikati. Kinachotoka ni cheupe kama maji. Ndiyo, wiski haizaliwi na rangi.

Rangi na sehemu kubwa ya ladha vinatoka kwenye pipa la mwaloni. Kwa wiski ya Uskoti sheria inataka ikae pipani si chini ya miaka 3, hukohuko Uskoti. Ya Ayalandi vilevile miaka 3, Ayalandi. Bourbon, wiski ya Marekani, lazima iingie kwenye pipa jipya ambalo ndani yake limechomwa kwa moto mpaka ukuta wake ukawa mkaa. Wakalenjin wa Kenya hawahitaji maelezo marefu hapa: kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuchachusha, husuguliwa ndani kwa kijinga cha mti maalumu kabla ya maziwa kutiwa, na maziwa yanatoka na rangi na ladha ambayo ng'ombe hakuitoa. Mkaa na mti hufanya kazi. Pipa la bourbon likishatumika halirudiwi kwa bourbon, kwa hiyo mengi huuzwa Uskoti na kwingineko, na kuanza maisha ya pili yakiwa na wiski nyingine ndani.

Wakati wote huo wiski inapungua, kwa sababu mti unapumua. Uskoti kwenye baridi hupotea kama asilimia 2 kwa mwaka, na wenyewe wanaita kiasi hicho fungu la malaika. Bangalore, India, wanakotengeneza wiski iitwayo Amrut, joto huifanya ipotee kwa kasi zaidi na kuiva mapema. Kwa hiyo mtu akikuambia wiski ya miaka 5 haiwezi kuwa nzuri, muulize kwanza imekaa wapi.

Hatua ya 2: Soma lebo, na usisome kisichoandikwa

Ukishika chupa tafuta vitu vitatu: aina, umri, na asilimia ya kilevi.

Aina ndiyo inayowachanganya wengi. "Single Malt" maana yake ni wiski ya kimea cha shayiri pekee, iliyopikwa na kiwanda kimoja. Haina maana ya pipa moja. Ndani yake kunaweza kuwa na mapipa mia yaliyochanganywa, mradi yote ni ya kiwanda hicho. Glenfiddich na Glenlivet ni za kundi hili. "Blended" ni mchanganyiko wa wiski za kimea na wiski nyepesi za nafaka nyingine, kutoka viwanda mbalimbali. Johnnie Walker Red na Black, Chivas Regal, Grant's, Famous Grouse, J&B, VAT 69, zote ni za hapa. Neno hilo halimaanishi imechakachuliwa. Sehemu kubwa ya wiski ya Uskoti inayouzwa duniani ni ya kuchanganywa, na kuchanganya ni ufundi wake: mtu mmoja anakaa na mamia ya sampuli na kuhakikisha chupa ya mwaka huu ina ladha ya chupa ya mwaka jana. Nimekunywa mchanganyiko uliozidi "Single Malt" nyingi kwa mbali, tena kwa nusu ya bei.

Umri ulioandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Chupa ikisema 12, hakuna tone lililo chini ya miaka 12, ingawa yanaweza kuwemo ya miaka 18. Ikiwa haina namba, haina maana ni mbaya. Mwenye kiwanda ameamua kutosema. Kumbuka pia kwamba wiski huacha kuzeeka siku inapotiwa kwenye chupa. Ile chupa ya miaka 12 ambayo mjomba ameifungia kabatini tangu 1995 bado ni ya miaka 12.

Asilimia: kisheria wiski ya Uskoti, Ayalandi na Marekani huanzia 40. Utakuta 43, 46, na zile zilizotolewa pipani bila kuongezwa maji, ambazo hufika 55 hadi 60. Mwanzoni baki kwenye 40 hadi 46. Nimesikia mara nyingi baa kwamba Black Label ni kali kuliko Red Label kwa sababu ni nyeusi. Kwa kawaida zote ni asilimia 40. Tofauti ni kwamba Black imekaa pipani miaka 12 au zaidi, Red haina umri uliotajwa.

Rangi usiitumie kuhukumu. Uskoti wanaruhusiwa kutia rangi ya karameli ili chupa zote zifanane, wakati bourbon hairuhusiwi kutiwa rangi yoyote. Giza la wiski linaweza kuwa pipa, linaweza kuwa karameli, na macho yako hayawezi kujua.

Jambo la mwisho la lebo, na hili ni la mifuko yetu: kwenye rafu za bei ya chini ziko chupa zenye picha ya pipa na jina la kizungu, lakini ukisoma maandishi madogo unakuta "spirit" au "flavoured", wala si "whisky" peke yake. Hiyo ni pombe kali iliyotiwa ladha ya wiski. Kama umeinunua ukijua, sawa. Usilipe bei ya wiski.

Hatua ya 3: Anzia kwenye ladha unayoipenda tayari

Usiulize wiski ipi ni bora. Jiulize unapenda chai gani.

Kama chai yako ni ya maziwa, sukari mbili na hiliki, anza na bourbon. Kisheria angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi, na mahindi pamoja na pipa jipya lililochomwa hutoa utamu wa vanila, karameli, na wakati mwingine nazi. Jim Beam, Maker's Mark na Wild Turkey ni majina yanayopatikana kwenye miji yetu mikubwa. Jirani yake ni Jack Daniel's, ambayo kabla ya kuingia pipani hupitishwa taratibu kwenye mkaa wa mti wa mepo, mti wa kwao wenye utomvu mtamu. Ndiyo iliyokuwa kwenye glasi yangu ile jioni ya kwanza. Miaka kadhaa baadaye nikajua kwamba aliyemfundisha kijana Jack Daniel kupika wiski alikuwa mtu mweusi, Nathan Green, aliyeitwa Nearest, wakati huo akiwa mtumwa. Utumwa ulipokomeshwa akawa mpishi mkuu wa kwanza wa kiwanda hicho. Kwa zaidi ya karne jina lake halikusemwa kwa sauti; kiwanda chenyewe kilianza kulitangaza 2016. Nikimimina chupa hiyo kwa wageni huwa nawaambia habari zake, kwa sababu kazi yake tunainywa.

Kama unapenda chai ya rangi nyepesi, isiyokwaruza koo, chukua ya Ayalandi. Jameson hupikwa mara tatu badala ya mbili, ndiyo maana inateleza. Kwa mtu ambaye hajawahi kufurahia wiski, huko ndiko ningempeleka kwanza. Bushmills nayo ni ya njia hiyohiyo.

Kama unapenda matunda, asali na biskuti, bonde la Speyside kaskazini mwa Uskoti ndiko nyumbani. Glenfiddich 12 ina harufu ya peasi. Glenlivet 12 iko karibu nayo. Zile zilizokaa kwenye mapipa ya mvinyo wa sheri wa Hispania, kama Macallan ya sheri, huwa na zabibu kavu na viungo, karibu na keki ya Krismasi.

Halafu kuna watu wa moshi. Kama samaki aliyekaushwa kwa moshi anakutoa mate, ipo siku utaipenda wiski ya kisiwa cha Islay. Huko kimea hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi ambao huchimbwa, ukakaushwa na kuchomwa kama kuni. Laphroaig inanukia moshi, chumvi ya bahari na dawa ya kidonda ya hospitali. Watu wanaichukia au wanaiabudu. Nilipoionja mara ya kwanza niliisogeza pembeni. Ya tatu nikaanza kuitafuta. Usianzie hapo. Ukitaka moshi kidogo tu ujipime, Black Label inao kwa mbali, Double Black inao zaidi.

Japani inastahili safari yake yenyewe. Kiwanda cha Yamazaki kilianzishwa 1923, na mmoja wa waanzilishi wa ufundi huo, Masataka Taketsuru, alikwenda kujifunza Uskoti kwanza. Ni wiski safi, za utulivu, lakini kwetu bei zake ni kubwa. Subiri mtu akualike.

Hatua ya 4: Toti kabla ya chupa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapookolewa. Toti ni mililita 25 au 30, kutegemea baa. Chupa ya mililita 750 ina toti 25 za mililita 30. Ukinunua chupa usiyoijua na usiipende, una toti 24 za majuto kabatini.

Kwa hiyo tafuta baa yenye rafu nzuri, uende mapema kabla watu hawajajaa na muziki haujapanda, umwambie mhudumu, "Dada, naomba toti moja ya hii, kavu, na maji pembeni." Moja. Siku nyingine, nyingine. Ikiwezekana muombe amimine mbele yako kutoka kwenye chupa, uione. Ndani ya miezi mitatu utakuwa umeonja sita au saba, na utajua kundi lako. Andika kwenye simu: jina, tarehe, maneno matatu. Yangu ya Jameson ya kwanza yanasema "laini, tufaha, imeisha haraka". Yanatosha.

Njia nyingine ni marafiki wanne kuchangia chupa moja kila mwezi, kila mmoja anachagua kwa zamu. Sisi tumefanya hivyo kwa muda mrefu. Kila mtu analipa robo, na kwa mwaka mmetembea chupa 12.

Hatua ya 5: Nunua chupa bila kuuziwa feki

Mwaka mmoja kabla ya Krismasi niliingia duka moja la vinywaji nikakuta Black Label inauzwa pungufu karibu theluthi ya bei niliyoizoea. Nikauliza kulikoni. "Ofa ya sikukuu, kaka, chukua mbili." Nikachukua mbili. Nyumbani nikazungusha kifuniko, na ile pete ya chini, inayotakiwa kukatika na kubaki shingoni, ikazunguka pamoja nacho na kutoka nzima. Nikanusa. Harufu ilikuwa ya ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kali, moja kwa moja, bila kitu nyuma yake. Nilizimwaga zote mbili kwenye sinki, mke wangu amesimama mlangoni ananitazama.

Tangu hapo sinunui kabla ya kufanya haya. Naanza na stempu ya kodi. Tanzania ipo programu ya simu ya TRA iitwayo Hakiki Stempu, Kenya ipo Soma Label ya KRA. Unaelekeza kamera kwenye stempu inakuambia ni ya bidhaa gani. Muhimu si stempu kuwepo tu, ni majibu kulingana na chupa uliyoshika: jina lilelile, ujazo uleule. Muuzaji akikasirika kuona unaskani, toka.

Kisha naiweka chupa sambamba na mwenzake wa rafuni. Kimo cha wiski ndani kinatakiwa kulingana. Lebo zimebandikwa sawasawa, herufi hazijafifia, hakuna gundi iliyovujia pembeni. Nageuza chupa juu chini taratibu kwenye mwanga kutafuta chembe. Nagusa kifuniko: hakitakiwi kucheza. Na bei. Bei iliyo chini sana kuliko maduka mengine yote ina maelezo yake, na mara nyingi si ofa.

Chupa ikiisha nyumbani, ichane lebo au uivunje kwa usalama kabla ya kuitupa. Chupa tupu za wiski ghali zinatafutwa, na zikirudi sokoni zimejazwa, mtu mwingine ndiye anayeumia.

Na kuumia si pesa tu. Pombe ya magendo inaweza kuwa na methanoli, na methanoli inaua na kupofusha. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa Kenya kwa pombe ya namna hiyo. Mtu akinywa, kisha saa kadhaa baadaye au kesho yake akalalamika kuona ukungu, tumbo, kutapika, kuhema kwa kasi, usimwache "alale itoke". Mpeleke hospitali mara moja na useme alikunywa nini.

Hatua ya 6: Mimina, nusa, onja

Glasi nzuri ni ile inayobanana mdomoni, ili harufu ikusanyike. Glasi ndogo ya mvinyo inafaa kabisa. Bilauri pana nenefu ya kwenye sinema inapendeza mkononi lakini harufu yote inatawanyika. Ioshe vizuri, isinuke sabuni.

Mimina toti moja. Iache ikae dakika tano hadi kumi. Pombe kali ya juu inaondoka kwanza. Sasa lete glasi chini ya pua, fungua mdomo kidogo, vuta taratibu. Usizamishe pua ndani, utaiunguza na hutasikia kitu kwa dakika nzima. Sogeza glasi kushoto, kulia, pua moja baada ya nyingine. Usitafute maneno ya wataalamu. Tafuta kumbukumbu zako: mabuyu, ukwaju, asali ya nyuki wadogo, ngozi ya kiatu kipya, ubani, mbao mbichi kwa fundi seremala, majani makavu mvua ikianza. Zote hizo nimewahi kuzinusa.

Funda la kwanza liwe dogo sana. Hilo ni la kuuzoesha mdomo, usilihukumu. La pili lizungushe ulimini, hesabu hadi kumi, meza, halafu pumua kwa pua mdomo ukiwa umefungwa. Ladha nyingi inarudi wakati huo. Angalia inakaa muda gani: nyingine zinakatika papo hapo, nyingine unazikuta bado zipo ukiwa umeshaanza kuzungumza jambo lingine.

Sasa maji, na hapa nasisitiza. Chukua mrija, uuchovye kwenye maji, ziba juu kwa kidole, udondoshe matone matatu ndani ya glasi ukiangalia dhidi ya taa. Utaona nyuzinyuzi nyembamba za uwazi zikijisokota ndani ya wiski kabla ya kupotea. Nusa tena. Mara nyingi mlango mwingine umefunguka: kilichokuwa moto tu kimekuwa matunda. Ongeza matone mpaka uridhike. Hata wapishi wenyewe wa Uskoti hutia maji wanapoionja. Anayekuambia mwanamume kamili anakunywa kavu anakuharibia kinywaji. Na wiski ikiingiwa ukungu kidogo kwa maji au barafu, usiogope wala usidhani ni feki. Zile ambazo hazijachujwa kwa baridi kiwandani huwa hivyo, ni mafuta yake ya asili.

Kama pua imekataa kabisa kufanya kazi, dondosha tone moja kiganjani, sugua viganja, subiri sekunde chache, nusa. Pombe imeruka, imebaki nafaka na mti.

Hatua ya 7: Barafu na soda vina nafasi yake

Dar mwezi wa Februari, jasho linatiririka, sitamwambia mtu anywe wiski ya vuguvugu. Barafu inaficha harufu lakini inatuliza. Tumia kipande kimoja kikubwa badala ya vidogo vingi vinavyoyeyuka haraka. Soda ya maji juu ya barafu, sehemu tatu kwa moja ya wiski, ndivyo Wajapani wengi wanavyoinywa na chakula, na kwa joto letu ni burudani kweli. Tangawizi na Jameson ni ndugu, weka na kipande cha ndimu. Kola na bourbon pia. Sharti langu ni moja: zile za kuchanganya ziwe za bei ya kawaida. Wiski ya miaka 18 ndani ya kola ni kola.

Hatua ya 8: Chakula, maji, na mahali pa kukomea

Nyama choma na wiski ya moshi havihitaji mtetezi. Korosho zilizokaangwa na chokoleti nyeusi zinakwenda na bourbon. Pilipili kali iache hadi umalize kuonja, maana inaua ulimi.

Toti mbili za mililita 30 zina kilevi kinacholingana na bia moja ya nusu lita ya asilimia 5. Ukijua hesabu hiyo huwezi kudanganywa na udogo wa glasi. Mimi hukomea mbili, tatu kwa siku kubwa, na baada ya ya tatu pua haioni tena kitu, kwa hiyo ninachokunywa kuanzia hapo ni pesa tu. Kula kwanza. Kila toti, glasi ya maji. Umekuja na gari? Funguo zibaki na asiyekunywa, au urudi na teksi. Mjamzito asiguse. Uko kwenye dozi, muulize mfamasia kabla.

Hatua ya 9: Chupa iliyobaki

Isimamishe wima, usiilaze kama mvinyo, kwa sababu wiski inakula kizibo. Iweke kabatini mbali na jua na jiko. Ikifungwa vizuri inakaa miaka. Ikishashuka chini ya robo, hewa iliyomo huanza kuifubaza taratibu. Ihamishie kwenye chupa ndogo safi ijae mpaka shingoni, au waite wale watatu mliochangia.

Na glasi ya mwisho usiioshe usiku huo. Iache mezani tupu, ifunike kwa kisahani. Asubuhi, kabla ya chai, fungua unuse. Pombe imeondoka yote, imebaki ile iliyokuwa chini: mbao, asali iliyokauka, jivu kidogo. Kwenye ile glasi ya baba mdogo sikuikuta ndizi tena asubuhi yake. Nilikuta mkeka wa bibi, ulezi umeanikwa juani.